Hakuna Aliyeuliza

Mwalimu Clavery alikuwa mtu wa mbinu. Wakufunzi wengine wa chuo kile cha ualimu waliingia darasani na chaki, wakaandika, wakafuta, wakaenda zao kunywa chai. Yeye aliingia na vituko. Mwaka wa nyuma, darasa liliposoma mchezo wa mkimbizi, aliwaamuru wanachuo walale sakafuni wiki nzima na viatu miguuni. Mwaka huu mchezo ulihusu maisha ya wafungwa, na wanachuo wa sanaa za maonyesho wakaanza kutazamana kabla hajafungua mdomo.

Mchezo wenyewe uliitwa Hesabu ya Jioni, na mtunzi wake alikuwa Clavery huyo huyo, mzaliwa wa Muleba ambaye gerezani aliingia mara moja tu maishani, siku kwaya yake ilipokwenda kuwaimbia wafungwa Krismasi. Katika selo moja alichanganya wanaume na wanawake, jambo ambalo hakuna gereza linaloliruhusu, lakini nani angemwambia? Waliusoma mstari kwa mstari: wafungwa wamechuchumaa watano watano, nyapara anahesabu, hesabu haitimii, wanaanza upya. Xaveria alipewa Namba Kumi na Saba, mfungwa aliyekaa ndani hata akasahau amebakiza miaka mingapi. Mistari yake ilikuwa michache. Clavery alisema hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, maana mtu yule huigizwa kwa mgongo na magoti.

Kisha akatoa zoezi. Kwa siku saba za mapumziko ya nusu muhula, kila mwigizaji aishi nyumbani kwake kwa sheria za gereza lile. Asipite mlango bila kuomba ruhusa. Asiseme mpaka asemeshwe, na akisema na mkubwa wake awe chini, mkubwa awe juu. Asile mpaka aambiwe ale. Simu amkabidhi mtu mwingine, na jina lake aliache chuoni. Kubwa zaidi, asimwambie mtu yeyote kwamba ni zoezi. Kila siku aandike kwenye daftari nani amemuuliza "una nini?", na amemuuliza saa ngapi.

"Maswali hayo ndiyo alama zenu," alisema Clavery. "Mtu huru akijifunga, wanaomzunguka lazima washtuke. Wasiposhtuka, hukujifunga. Alama thelathini."

Xaveria aliziandika zile thelathini na kuzipigia mstari. Alikuwa amekosa jaribio la kwanza la somo hilo, siku mtoto wake Edith alipolazwa kwa homa, kwa hiyo bila thelathini hizo alikuwa ameanguka. Na kuanguka kwake hakukuwa kama kwa wenzake, ambao wangerudia mtihani wakacheka na kusahau. Mumewe, Kamugisha, alikwisha sema mbele ya mama yake: muhula huu akifeli somo hata moja, masomo yamekwisha, abaki kwenye kibanja cha migomba alee mtoto. Kamugisha hakuwa mtu wa kupayuka. Akisema jambo kwa sauti ya chini, ujue limekwisha amuliwa.

Nyumba yao ilikuwa Nyaishozi, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka chuoni, katikati ya migomba ya marehemu mzee Byarugaba, baba yake Kamugisha. Kamugisha alifanya kazi Murongo mpakani, kwa mawakala wa forodha, na alirudi nyumbani Jumamosi hadi Jumapili. Siku nyingine zote mkuu wa nyumba alikuwa mama yake, bibi Agnetha, mjane mwenye miguu mibovu na masikio mazima kabisa.

Jumatatu asubuhi Xaveria alisimama kwenye mlango wa jikoni akiwa na ndoo.

"Mama, naomba nipite niende kisimani."

"Nenda," akasema Agnetha bila kuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua.

Ndiyo ikawa hivyo. Siku zote Xaveria alisema "Mama, naenda kisimani," akangoja itikio. Leo ameongeza "naomba", na naomba haijawahi kumshtua mkwe. Mchana alipakua ndizi na maharage, akapiga magoti kuweka sahani mbele ya bibi, akarudi jikoni kungoja aambiwe ale. Hilo nalo lilikuwa la kila siku. Jioni alimkabidhi simu. "Nishikie, mama." Agnetha aliifunga kwenye pindo la kanga, akasema ni vema, simu zimevunja nyumba nyingi kuliko pombe. Na jina? Xaveria alijaribu kukumbuka ni lini mtu wa nyumba ile alimwita Xaveria. Kwanza alikuwa mke wa Kamugisha, kisha akawa Mama Edith, na Mama Edith ni jina la heshima, hakuna anayelilalamikia. Akafungua daftari akaandika: Siku ya kwanza. Hakuna aliyeuliza.

Siku ya pili akaandika hivyo hivyo. Siku ya tatu alijitahidi zaidi. Alinyamaza kutwa nzima, akijibu tu anapoulizwa, akasimama kwenye kila mlango, hata wa choo, mpaka apewe ruhusa. Alasiri alimsikia Agnetha akimwambia jirani wa upande wa pili wa ua: "Mkamwana wangu ametulia siku hizi, waitu, ndugu yangu. Chuo nilikiogopa bure." Alhamisi kina mama wa jumuiya walikuja kusali. Xaveria akawapigia magoti mmoja baada ya mwingine, shikamoo kumi na mbili, na mmoja akamwuliza Agnetha amempata wapi binti mwenye malezi kiasi hicho.

Hapo ndipo Xaveria alipoanza kuogopa. Mpaka wakati huo alidhani anaigiza. Alikuwa akingoja aone mahali ambapo mchezo unaachana na maisha yake, kama mtu anayepapasa mshono wa nguo, na vidole vyake vilipita tu pote laini. Usiku alilala akijiuliza ni sheria ipi kati ya zile sita aliyokuwa haiishi tayari kabla ya Clavery kuja na mbinu zake. Akapata moja tu, ya simu. Aliona uchungu, na uchungu huo hakuwa na mtu wa kumwelekezea, kwa sababu hakuna aliyemtendea ubaya.

Jumamosi Kamugisha alirudi, akapokewa begi, akanawishwa mikono. Mama yake akamsifia mkewe mpaka chai ikapoa. Kamugisha akafurahi. Kwa wiki tatu alikuwa amekataa kusema kama Xaveria ataruhusiwa kupanda jukwaani siku ya onyesho, watu wakimtazama, lakini siku hiyo akasema, "Basi, mchezo wako utakwenda. Tabia njema ina malipo yake." Katika Hesabu ya Jioni bwana jela anasema karibu maneno hayo hayo, anapompunguzia mfungwa theluthi moja ya kifungo. Xaveria alishukuru kwa magoti. Baadaye akaandika: Siku ya sita. Hakuna aliyeuliza.

Jumatatu darasa zima lilikuwa kicheko. Privatus, kijana mnene wa Nyakasimbi aliyecheza nyapara, alikuwa na maswali kumi na moja. Siku ya kwanza dada zake walimuuliza kama amefiwa. Siku ya pili mama yake alimpeleka zahanati kupimwa malaria, kwa sababu mtoto wa kiume hawezi kuomba ruhusa ya kutoka nje akiwa na akili timamu. Siku ya nne alikuja baba yake mdogo na chupa ya dawa za miti shamba, na siku ya tano mchungaji. Clavery alifuta machozi kwa kucheka, akampa thelathini kati ya thelathini.

Akaja Xaveria. Kurasa saba, na kila ukurasa maneno mawili yale yale.

"Hukufanya zoezi," alisema Clavery.

"Nilifanya, mwalimu."

"Siku saba mtu usiseme, usile, usipite mlango, na hakuna hata mmoja anayekuuliza una nini? Wewe unaishi na watu au na migomba?"

Kumbe Xaveria, kwa mazoea, alikuwa amempa daftari lile kwa mikono miwili, goti moja likigusa saruji, na Clavery alikuwa amelipokea kwa mkono mmoja huku akitazama dirishani. Nyani haoni kundule. Mama yake mzazi kule Muleba aliishi kwa kupiga magoti, mkewe alipiga magoti, na yeye ametunga mchezo mzima kuhusu watu wanaosema na wakubwa wakiwa chini bila kuota kwamba amewahi kuwaona.

"Niletee shahidi," akasema. "Mtu mzima wa nyumba aandike na atie saini kwamba kwa wiki nzima umeishi kama mfungwa. Mwisho Ijumaa. Bila hivyo nakuwekea sifuri."

Sasa angalia alivyobanwa. Asipoleta saini, anafeli, na akifeli Kamugisha anafunga masomo. Akitaka saini, sharti amwambie mkwe wake kwamba siku zile saba walizomsifu alikuwa akijifanya yuko jela, na jela yenyewe ni nyumba yao. Mkamwana gani anayesema hivyo akaachiwa kwenda chuo kesho yake? Alitembea nalo Jumatatu, akalala nalo Jumanne. Kwa Kamugisha hakuthubutu. Jumatano, wakimenya ndizi jikoni, yeye kwenye mkeka na Agnetha kwenye kigoda, alilitoa lote kwa pamoja, haraka, macho yakiwa kwenye maganda.

Agnetha hakukasirika. Aliacha kumenya, akasema, "Nisomee hilo daftari." Hakujua kusoma. Xaveria akasoma sheria zote sita, halafu siku saba, hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeuliza, mpaka mwisho.

"Huyo mfungwa wenu alifanya kosa gani?" akauliza bibi.

"Mchezo hausemi, mama."

"Na sheria umeandika sita tu?"

"Sita."

"Mwalimu wako mvivu. Hakuweka kwamba kuku ukimchinja, wewe unaonja mchuzi. Hakuweka senene. Senene nimewakamata tangu nikiwa msichana, nimewang'oa mbawa mpaka kucha zikauma, na mdomoni mwangu hajaingia hata mmoja, kwa kuwa mwanamke hali senene. Mama mkwe wangu alikuwa ananusa vidole vyangu." Alisema bila chuki, kama anayekumbushana na mtu bei za zamani sokoni. "Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi niliwekwa ndani miezi mitatu sijaona jua. Nikatolewa, nikapewa jembe."

Xaveria alikuwa na peni mkononi. Alikuwa amekwisha andika barua ya ushahidi. Ilibaki dole gumba tu. Akaisogeza.

Agnetha aliitazama ile karatasi asiyoweza kuisoma. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye, na wahenga, kama kawaida yao, hawakumuuliza ng'ombe.

"Sitaweka," akasema. "Usinielewe vibaya, mwanangu, sikunyimi. Lakini hapo umeandika kwamba ulivyokaa wiki ile ndivyo anavyokaa mfungwa. Wewe umekaa wiki. Mimi nina miaka hamsini na mbili. Nikiweka dole hapo, nitakuwa nimekiri kwamba yote ilikuwa jela, na mimi ni mzee, nitatoka niende wapi?"

Akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya. Baada ya kitambo alimrudishia Xaveria simu yake kutoka kwenye pindo la kanga. Kwa Kamugisha, akasema, hatalifikisha.

Ijumaa Xaveria alikwenda chuoni mikono mitupu. Clavery hakuwa mtu mbaya, na sifuri zilimuumiza kuandika. Akafikiri, akatabasamu kama mtu aliyepata njia ya kumsaidia.

"Basi rudia," akasema. "Nakupa mpaka Jumatatu. Ishi kama mfungwa mpaka mtu mmoja, mmoja tu, akuulize una nini. Uandike swali lake, atie saini aliyesikia. Nitakupa pasi."

"Mpaka mtu aulize?"

"Mpaka aulize."

Alirudi nyumbani kwa miguu akipita kahawa iliyoanikwa barabarani, na njia nzima alikuwa akipiga hesabu ya kifungo hicho. Bibi Agnetha alikaa miaka hamsini na mbili na hakuna aliyemuuliza. Yeye naye angetangulia kufa kabla ya kuulizwa. Karibu na njia panda ya kwao, Xaveria alisimama ghafla, mwendesha bodaboda akampigia honi, na hakusikia. Nyumba ile haitamuuliza mfungwa ana nini, hata akikonda akabaki mifupa. Lakini wapo watu, wasioomba ruhusa, ambao nyumba ile ingewauliza siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo.

Jumamosi asubuhi aliamka, akapita mlango wa jikoni, akaenda kisimani. Hakumwambia mtu. Alihisi mgongo ukimwasha njia nzima. Aliporudi, Agnetha alimtazama kutoka kwenye kigoda, akatazama ndoo, akafumba mdomo uliokuwa umeanza kufunguka. Mchana Xaveria alipakua, akaketi, akala wa kwanza. Ladha ya chakula hakuisikia. Ilikuwa Novemba, na senene walikuwa wameanguka kwa wingi juzi yake. Agnetha alikuwa amekaanga bakuli zima kwa ajili ya mwanawe. Saa kumi na robo, pikipiki ya Kamugisha iliposikika ikipanda mlima, Xaveria alilichukua bakuli lile, akaingia sebuleni, akaketi kwenye kiti cha mbao chenye mikono, kiti cha marehemu Byarugaba ambacho baada yake alikalia Kamugisha peke yake. Daftari aliliweka juu ya goti.

Senene wa kwanza aliona tabu kummeza. Wa pili alimtafuna. Alikuwa mtamu, ana chumvi na mafuta yake mwenyewe, na Xaveria akajikuta anataka kulia kwa jambo dogo namna hiyo.

Kamugisha aliingia na begi mkononi. Alisimama. Alitazama kiti, akatazama bakuli, akatazama taya za mkewe zinavyofanya kazi. Nyuma yake, kwenye mlango wa kutokea jikoni, mama yake alikuwa amesimama kwa ile miguu yake mibovu, ameshika kizingiti.

"Karibu, baba Edith," akasema Xaveria. Hakuinuka.

Begi likashuka chini polepole.

"Mama Edith," akasema Kamugisha. "Una nini?"

Xaveria akafungua daftari, akatazama saa ya ukutani, akaandika. Saa kumi na dakika ishirini.

"Nimekuuliza una nini. Unaandika nini?"

"Anaandika ulichosema," akajibu Agnetha kutoka mlangoni. "Kiseme tena, polepole, asikose neno."

Kamugisha akageuka kumtazama mama yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi akakuta nyumba imehamishwa. Agnetha akampita kwa kujivuta, akafika kitini, akamnyooshea Xaveria kidole gumba chenye madoa meusi ya utomvu wa ndizi.

"Hilo nimelisikia kwa masikio yangu," akasema. "Hilo naweza kuliwekea dole. Leta wino."

Xaveria alipaka kile kidole wino wa peni, mara mbili, tatu, mpaka kikakolea, na Agnetha akakikandamiza chini ya swali la mwanawe. Kisha yule mwanamke mzee, akiwa bado ameinamia kiti, akachukua senene mmoja bakulini, akamtazama pande zote mbili, akamrudisha.

"Nimezoea kutowala," akasema, akaanza kurudi jikoni.

Kamugisha aliokota begi lake. Kuhusu kiti hakusema neno, na kuhusu onyesho hakusema pia. "Chuo hicho," akasema, kwa ile sauti ya chini, "tutaongea."

Xaveria akaandika na hilo.